Ameelimishwa, Ameelewa

Kwa miaka mingi mafaili ya wodi ya upasuaji wa wanawake yalimalizika kwa maneno yaleyale: ameelimishwa, ameelewa. Kila muuguzi aliyaandika, na kila aliyeyaandika alijua yana uzito gani. Mgonjwa anavaa viatu, ndugu yuko mlangoni ameshika begi, muuguzi anaeleza harakaharaka jinsi ya kutunza kidonda, na mgonjwa anaitikia ndiyo, ndiyo, maana akili yake imeshatangulia nyumbani. Ameelimishwa, ameelewa. Saini.

Kisha mama mmoja akarudi kidonda kikiwa kimeoza. Alikuwa ameambiwa akiweke kikavu, naye kwa utiifu wote alikuwa akikinyunyizia majivu kila asubuhi. Faili lake lilisema ameelewa. Matroni alilisoma, akalifunga, akawaita wauguzi wake.

"Kuanzia leo," alisema, bila kupaza sauti, "sitaki kusoma kwamba mtu ameelewa. Mmejuaje? Mliingia kichwani mwake? Andikeni mlichomfundisha, na yeye alifanya nini mbele ya macho yenu. Akishindwa, andika ameshindwa, umfundishe tena. Na haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka aweze."

Kazi hiyo aliikabidhi kwa muuguzi mmoja mtu mzima, mpole wa maneno, ambaye hakuwahi kuonekana akitazama saa zamu inapokaribia kwisha. Haikuchukua muda, wodi nzima ikawa inamwita Mwalimu.

Sababu ya Mwalimu kutotazama saa ilikuwa nyuma ya hospitali, kwenye nyumba za watumishi, ambako alikuwa na chumba na sebule. Hakuwa ameachwa, wala hakuwa amefiwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mwanzoni alikuwa akirudi na vumbi na hadithi, wakicheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Baadaye safari zikarefuka. Ikawa anapiga simu badala ya kurudi, kisha anatuma salamu badala ya kupiga, kisha salamu nazo zikakauka. Hakuna siku waliyogombana. Hawakujaaliwa watoto. Mtu akimuuliza mzee hajambo, Mwalimu alijibu, "Yuko safarini," na hakuna aliyeweza kusema ni uongo. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wengi, akala amesimama palepale jikoni, redio ikiwa inasema mambo asiyoyasikiliza.

Fundi aliletwa wodini kutoka chumba cha upasuaji akiwa bado na usingizi wa dawa. Alikuwa mjane wa makamo yaliyokwisha kupita, fundi cherehani tangu ujana, mwembamba, na vidole virefu vilivyokuwa haviachi kupapasa kingo za shuka kana kwamba vinatafuta pindo. Uvimbe ulikuwa umekaa mwishoni kabisa mwa utumbo wake. Madaktari waliutoa, wakaifunga njia ya kawaida, wakautoa utumbo nje kupitia tundu dogo kushoto mwa kitovu. Tangu siku hiyo haja yake ingetoka hapo, iingie kwenye mfuko wa plastiki uliogandishwa kwenye ngozi.

Siku ya kwanza ya somo Mwalimu alivuta pazia kuzunguka kitanda, akamfunulia taratibu. Wagonjwa wengi hugeuza uso. Fundi aliinua kichwa, akaangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kazi ya fundi mwenzake.

"Kama kifungo," alisema mwishoni. "Kifungo chekundu cha koti."

"Ni kweli, kinafanana."

"Na hakirudi ndani tena?"

"Hakirudi, Mama."

Fundi akalaza kichwa. "Basi ni kifungo cha maisha."

Walitazamana, kisha wakacheka wote wawili, Fundi akiwa ameshika mshono wake kwa maumivu, na Mwalimu akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mgonjwa wa jirani akauliza kuna nini huko. Hawakumjibu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unabandua mfuko wa zamani polepole huku ukishikilia ngozi. Unasafisha kwa maji ya uvuguvugu, unakausha bila kusugua. Unapima ukubwa wa tundu, unachora duara kwenye bamba la kugandisha la mfuko mpya, unalikata kwa mkasi. Duara likiwa dogo, linabana. Likiwa kubwa, uchafu unagusa ngozi na kuichoma. Kisha unaligandisha bamba na kulishikilia kwa kiganja mpaka lishike kwa joto la mwili.

Fundi aliweza kila kitu isipokuwa kukata. Mkasi ukifika mkononi mwake, duara lilitoka kama yai lililokanyagwa. Alilishika juu, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Uzee, Sista. Macho yamekwisha."

Mwalimu akaandika kwenye faili: Anabandua na kusafisha vizuri. Ameshindwa kukata kwa kipimo. Kurudia kesho. Kesho yake alirudia, na keshokutwa. Somo lilikuwa fupi, ila lilizidi kurefuka kwa mazungumzo. Fundi alimsimulia wateja wake.

"Mwanamke akija kupimwa anavuta tumbo ndani," alisema. "Mimi simwambii kitu. Naongeza inchi kimyakimya. Nguo ikimkaa, anafurahi, anasema amepungua."

Naye Mwalimu, ambaye hakuwa na mazoea ya kusimulia, alijikuta akimwambia habari za lori, za vumbi, za majirani kugonga ukuta. Fundi alisikiliza bila kutoa pole, na hilo lilimpendeza Mwalimu kuliko pole zote. Siku zake za mapumziko zikawa zinamkuta wodini, amevaa nguo za nyumbani. "Nimepita tu," aliwaambia wenzake.

Jumapili mwana wa Fundi alikuja na mkewe. Walikuwa watu wa heshima, wakakaa ukingoni mwa viti, wakauliza kama chakula kinapanda. Fundi alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni ingawa kulikuwa na joto. Taratibu ya Matroni ilitaka ndugu mmoja naye afundishwe, kwa hiyo Mwalimu akasogea ili azungumze nao. Mkono mwembamba ukatoka chini ya shuka, ukamshika kifundo cha mkono kwa nguvu asiyoitarajia.

Wageni walipoondoka, Fundi alisema, "Hao usiwafundishe."

"Wanajua, Mama?"

"Wanajua nilikuwa na uvimbe, ukatolewa. Inatosha."

"Nyumbani utahitaji mtu."

"Nilizaliwa na mikono miwili." Kisha akageukia ukutani. "Nikila nao meza moja, mkwe wangu akasikia tumbo langu linavyoongea, mwanangu akaanza kunitazama kama kitu cha kuoneana huruma. Hapana. Andika unavyotaka, ila hao waache."

Mwalimu akaandika: Mgonjwa hataki ndugu aelimishwe. Ilikuwa kweli, na ilikuwa haki yake.

Wagonjwa waliolazwa pamoja na Fundi walikwisha kwenda. Daktari alipopita asubuhi alisimama mbele ya kitanda kile na kukuna kidevu.

"Mwalimu, huyu mama bado tu?"

"Bado kukata, daktari."

"Kidonda kimepona. Nina watu wanalala kwenye mabenchi."

Baada ya daktari kupita, Matroni alichukua faili, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa na tabia ya kuangalia mtu juu ya miwani.

"Huyu si ndiye fundi cherehani?"

"Ndiye."

"Anakata vitambaa maisha yake yote, na duara dogo hili linamshinda?"

"Mikono inamtetemeka," Mwalimu alisema.

Matroni alilirudisha faili. Mwalimu alibaki amesimama palepale. Mikono ya Fundi haikuwahi kutetemeka. Siku chache nyuma alimkuta akimshonea mgonjwa wa jirani gauni lililochanika bega, akatunga uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, dirishani, bila hata kufinya jicho. Mwalimu aliliona hilo kwa macho yake. Akajitia hamnazo, akapita, kwa sababu somo la kesho lilikuwa ndicho kitu pekee katika wiki yake alichokuwa akikingojea.

Kitanda cha pili kutoka kwa Fundi akaja kulazwa binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, ambaye utumbo wake ulipasuka ghafla. Yeye tundu lake lilikuwa la muda tu, miezi kadhaa lifungwe, lakini nani angeweza kumwambia hivyo akasikia? Alilala amejikunja, hakula, hakutaka kuguswa. Mwalimu alipovuta pazia na kuanza kueleza, binti aliziba masikio kama mtoto. Kwenye faili lake Mwalimu aliandika: Hayuko tayari kujifunza. Alikuja mara ya pili, akaandika vilevile.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alifika mapema kidogo, na viatu vyake vya mpira havikutoa sauti. Pazia la kitanda cha binti lilikuwa limevutwa. Alisikia sauti ya Fundi ndani yake.

"Usiuvute kama unabandua plasta. Shikilia ngozi kwa mkono huu, mfuko ufuate mkono huu. Hivyo. Sasa maji. Unaona? Hakiumi hiki, hakina hisia. Mimi changu nakiita kifungo. Chako kipe jina lolote."

Binti alisema kitu kwa sauti ya mtu aliyelia.

"Kinanuka, ndiyo. Na wewe ulipokuwa unakwenda chooni ulikuwa unatoa marashi?"

Kikafuata kicheko kidogo chenye makamasi ndani yake. Mwalimu alisogea kwenye mwanya wa pazia. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha binti, mkasi mkononi. Hakupima, hakuchora. Alilitazama tundu la yule binti mara moja tu, akazungusha bamba kwa vidole vya kushoto, mkasi ukala plastiki kwa mwendo mmoja laini, na duara likatoka kamili. Akalipitisha kidole pembeni kuondoa ukali, akaligandisha, akauchukua mkono wa binti na kuuweka juu yake.

"Lishike hapo. Joto lako ndilo gundi. Kesho utafanya mwenyewe, mimi nitaangalia."

Maneno yalikuwa ya Mwalimu, neno kwa neno, mpaka lile la joto. Katika miaka yake yote ya uuguzi hakuwahi kuona mtu aliyefundishika hivyo. Angestahili kufurahi, na kwa kweli alifurahi. Lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kizito kilichoshuka polepole na kukaa.

Alirudi kwenye meza ya wauguzi, akafungua faili la Fundi. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuandika bado. Kitanda kilihitajika, lakini vitanda huhitajika kila siku. Alikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukafanya nukta kwenye karatasi. Kisha akaandika: Amemwelekeza mgonjwa mwenzake hatua zote bila kukosea, na amekata kwa usahihi. Amehitimu. Neno hilo la mwisho halikuwa la kitabibu, ila alilitaka.

Alimkuta Fundi amerudi kitandani kwake, amekunja mikono.

"Nimekuona," Mwalimu alisema.

"Najua. Viatu vyako havilii, lakini kivuli chako kina mwili."

Mwalimu alivuta kiti. "Kwa nini, Mama?"

Fundi alipapasa ukingo wa shuka. "Hapa nikisema tumbo, watu wanasikia tumbo. Nikitoka mlango ule, sina wa kumwambia hata neno. Nikasema, nisogeze siku." Akamtazama. "Na wewe mwalimu mwenyewe ulinijua siku nyingi. Mtu anayeshona bega la gauni hashindwi na duara."

Mwalimu hakukataa.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umefanya vizuri," Fundi alisema, akageuza uso dirishani, na somo la siku hiyo halikuwepo.

Mwanawe alikuja kumchukua kesho yake. Binti alimshika mkono mpaka mlangoni. Mwalimu alimkabidhi Fundi mifuko ya akiba ndani ya bahasha iliyofungwa, na karatasi ya tarehe ya kliniki, wakaagana kama watu wanavyoagana mbele za watu. Jioni ile, jikoni, Mwalimu alijikuta akikumbuka kisa cha mteja mmoja wa Fundi, akageuka amwambie mtu. Redio ilikuwa inataja hali ya hewa.

Siku ya kliniki Fundi alikuja peke yake. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea, lenye marinda yaliyoangukia upande wa kushoto kwa ustadi ambao mtu asiyejua asingetambua yanaficha nini. Alipanda kitandani mwenyewe, akajifunua mwenyewe. Ngozi ilikuwa safi, haina hata wekundu.

Mwalimu aliuliza maswali ya tathmini moja baada ya jingine. Unabadilisha kila baada ya muda gani? Unakula nini? Mfuko umewahi kuvuja? Fundi alijibu yote sawasawa.

"Nani anakusaidia nyumbani?"

"Hakuna. Sihitaji."

"Hawajajua bado?"

"Wangejuaje?" Fundi alisema. "Ulinifundisha vizuri."

Alieleza bila kunung'unika. Alikuwa akibadilisha bafuni, bomba likiwa wazi. Mifuko iliyotumika aliifunga ndani ya mabaki ya vitambaa, ikatupwa pamoja na takataka za ushonaji. Mezani hakai tena, anasema tumbo halijakaa sawa, anakula chumbani. Na mchana kutwa anashona, hata kama hana kazi ya mtu, kwa sababu cherehani ikilia tumbo halisikiki.

Mwalimu aliandika: Anajitegemea kikamilifu. Ngozi nzima. Hakuna tatizo la utunzaji. Nafasi ya tathmini ilikuwa imejaa. Akaongeza chini yake, kwa herufi ndogo: Anaishi na watu, lakini jambo hili analo peke yake. Baadaye Matroni aliyasoma maneno hayo, akauliza kama hii nayo ni tathmini ya elimu. Mwalimu akasema ndicho alichokiona. Matroni alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Iache," alisema.

Siku hiyohiyo ya kliniki, Fundi alikuwa ameshika kitasa cha mlango Mwalimu alipomwambia, "Jumapili sina zamu, Mama."

Fundi alifikiri. "Utakuja kama nani? Nikisema ni Sista wa hospitali, wataanza kuuliza."

"Kama mteja."

Basi Jumapili Mwalimu alikwenda, kitambaa kikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Mkwe ndiye aliyefungua mlango, mtoto mgongoni, unga mikononi. Hakumtambua Mwalimu bila sare. Alimkaribisha, akamtangulia kwenye kijia cha kwenda chumba cha nyuma, ambako mlio wa cherehani ulikuwa ukisikika, kisha akasita.

"Wewe ni rafiki yake, mama?"

"Ni mteja tu."

"Ukipata nafasi, zungumza naye." Mkwe alishusha sauti. "Tangu atoke hospitali hatoki chumbani. Hali nasi. Mume wangu anasema tumwache apumzike, lakini mimi nadhani nimemkosea kitu, na sijui ni kitu gani. Nikimuuliza anasema hamna."

Mwalimu alikuwa na jibu mdomoni, sentensi moja fupi ambayo ingemtua yule mwanamke mzigo papo hapo. Haikuwa yake kuitoa. Akaimeza, akasema, "Nitamsalimia."

Chumba kilikuwa kidogo na safi, kina harufu ya mafuta ya mashine. Fundi alimpima mabega, kifua, kiuno, utepe ukiteleza kwa haraka, penseli ikiwa mdomoni. Kisha akakaa kwenye cherehani na kuanza kukanyaga juu ya kitambaa chakavu kisicho na kazi yoyote, na chini ya kelele hiyo wakazungumza. Binti alikuwa ameruhusiwa, anajikatia mwenyewe. Matroni hajambo. Mfuko haujavuja.

"Mkweo anadhani amekukosea," Mwalimu alisema.

Mguu ukasimama. Katika ukimya walisikia maji yakichemka upande wa pili wa nyumba, mtoto akiimbiwa.

"Siwezi, Sista."

"Sikuja kukufundisha."

"Bado siwezi." Akapapasa kitambaa. "Na yule wa lori? Kapiga simu?"

Mwalimu alitaka kusema yuko safarini. Maneno yalikuwa tayari, yalikuwa na mazoea ya miaka. "Hatarudi," alisema. "Nadhani aliondoka zamani. Mimi ndiye sikuaga."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, hakutoa pole. Akaanza kukanyaga tena.

Gauni lilipokwisha Mwalimu alikwenda kulichukua, na lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa. Mkwe alikuwa bado hajaambiwa kitu, lakini siku hiyo Mwalimu alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma akichambua mchele, mlango ukiwa wazi nusu, cherehani ikilia, wala hakuna aliyekuwa akizungumza. Alimpisha Mwalimu apite.

"Utashona nini tena?" Fundi alimuuliza. "Mteja asiye na kazi ni mgeni, na mgeni anaulizwa maswali."

"Mapazia," Mwalimu alisema.

Nyumba yake ilikuwa na dirisha moja la sebuleni na jingine dogo la chumbani. Kufikia mwisho wa mwaka kabati lilikuwa limejaa mapazia ya kila rangi, mengine hayajawahi kutundikwa, na Jumapili iliyofuata alikuwa tena njiani, na kitambaa kipya kwapani.